Nundu Yangu ya Mzigo

Jumapili, 5 Mei 2024

Binti yangu Nathalie tena! Ananisugua mgongo kwa sabuni, mara anaanza: maman, hii kitu iko inakua, twende hôpital. Nimemwambia asugue, anyamaze. Nundu hii naijua mimi. Iko chini ya bega, palepale gunia la unga liliponilalia miaka yote niliyobeba toka ziwani hadi soko la Kadutu, kamba kwenye paji la uso. Kila mwanamke mbebaji ana yake. Adolphine anayo, Madeleine anayo. Haiumi. Kitu kisichouma nikipeleke kwa daktari nikamwambie nini? Mgongo huu umesomesha watoto — siuonei haya!

Jumatano, 8 Mei

Shemeji Floribert amekuja bila kuitwa. Kwake nundu hii ni sumu, nimerogwa. Wivu wa sokoni, kwa kuwa sasa siuzi mgongo wangu, nina meza yangu ya unga. Anamjua mganga mmoja wa Kamanyola, anachanja kwa wembe na kuinyonya itoke. Nikamwambia, "Ule wembe aanzie ku kichwa yako." Akakasirika, lakini chai aliimaliza. Sitaki mganga, sitaki daktari. Waniachie mgongo wangu.

Jumamosi, 11 Mei

Adolphine alipita kununua unga. Mizigo tuliiacha pamoja, wakati wa Noeli. Nikamwambia anionyeshe nundu yake, tucheke kidogo. Akageuka, akashusha kitenge. Hakuna! Ngozi laini, kama ya msichana.

"Yangu ilishaka isha yenyewe," akasema. "Muzigo iliisha, nayo ikaisha."

Akaomba aguse yangu. Alipogusa, hakucheka tena.

Tangu Noeli sijabeba hata debe. Na yangu imekua. Nimejipapasa kitandani: ngumu kama kokwa, haisogei. Naogopa. Haya, nimeandika — naogopa. Kesho nitamwambia Nathalie, na asithubutu kuniambia "nilikuambia".

Jumanne, 14 Mei

Hôpital. Niko kwenye benchi, naandikia gotini. Daktari ni msichana, Carmel, umri wa Nathalie. Nilimwambia haiumi, nikadhani nimemshinda. Akasema: "Maman, hata kama haiumi. Iko inakua, iko nguvu kama jiwe, haitembei. Ungekuya mbele, tangu ilianza." Si kwamba ni mbaya. Hajui bado. Anataka kukata kipande kidogo kiende kupimwa laboratoire.

Na Floribert ametufuata mpaka hapa! Anasema kisu kikiigusa tu, itakimbilia mwili mzima, ameona watu wakifa hivyo kwa macho yake. Nathalie analia. Nimewaambia wanyamaze wote wawili, mgongo ni wangu.

Infirmier, muuguzi wao, amefungua mlango, ameita jina langu. Floribert amenishika mkono wa kushoto. Tungoje, anasema, tuite kwanza familia tujadiliane. Familia! Siku nabeba yale magunia, familia haikuitwa. Aachie mkono, naingia. Mlango uko wazi, wananingoja —