Baba Yetu Fundi Makochi, na Alhamisi Zake

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu utuache, na bado tunakutana na watu wanaotusimulia mambo yako ambayo sisi wa nyumbani hatukuyajua.

Ulikuwa fundi makochi kwa miaka thelathini na miwili. Ulipenda kazi safi, chai ya moto na utani. Mshtuko wa moyo ulikukuta karakanani, misumari midogo bado umeibana midomoni. Hospitali walikupandisha kwenye mashine ya kutembea; dakika mbili tu, pumzi zikakata. Presha juu, sukari juu, mafuta kwenye damu nayo juu. Daktari alimwita Mama pembeni, akamwambia ajiandae, miaka miwili ikifika ni bahati.

Lakini mwalimu wa mazoezi, msichana mdogo kuliko sisi wanao, alikwambia kwamba moyo ni msuli, na sehemu iliyobaki nzima inaweza kufundishwa. Ukamjibu kuwa maisha yako yote umewatengenezea watu viti wakae, leo wewe unaambiwa usimame. Alicheka, ila hakukulegezea.

Tulikaa ghorofa ya tatu. Siku uliyoruhusiwa kurudi ulisimama pale chini, ukashika ukuta, ukamwambia binti yako mkubwa polepole:

"Mwanangu, kufa siogopi. Naogopa ngazi."

Hatukuwahi kukuona ukiogopa kitu. Ukapanda vidato sita, ukapumzika, ukapanda sita vingine. Haba na haba, wiki kwa wiki, Mama kando yako akikugombeza kila ulipotaka kujitia ujana. Mwaka ulipoisha ulitembea dakika kumi na moja kwenye mashine ileile. Presha ilishuka, mkanda ukatobolewa matundu mapya. Daktari alisoma karatasi mara mbili, kisha akamwita mwenzake aje aione.

Uliishi miaka tisa.

Kila Alhamisi ulituaga kwamba unakwenda kliniki. Tulidhani unatibiwa. Siku ya mazishi yako wakaja watu tusiowajua, wazee kwa vijana, wengi mno, wametembea kwa miguu kutoka hospitali. Kumbe Alhamisi zote hizo ulikuwa ukiwashika mkono wagonjwa wapya wa moyo, wanaoogopa hata kushuka kitandani, ukiwatembeza koridoni. Mwalimu wa mazoezi alikuwa amewaandika: mia tatu na kumi na wawili. Na wewe, mtu wa maneno mengi, hili ulilinyamazia!

Mama mmoja muuza vitambaa alimshika Mama mkono.

"Mumeo aliniambia, 'Dada yangu, twende mpaka pale mlangoni. Tukishindwa, tutarudi,'" alisema. "Hatukurudi."

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mwanao wa kiume, wakwe zako, dada yako, wajukuu watano, na wote uliotembea nao.

Hutoki mioyoni mwetu, Baba, leo wala kesho.