Mume Wangu Anadhani Kampuni ya Bima Ilimsikiliza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumanne, maana siku hiyo mume wangu Vernon anakwenda Columbus, mji mkuu wa jimbo letu, kusema mbele ya kamati ya bunge la jimbo, na atakachosema si kweli, na aliyemfanya aamini hivyo ni mimi.

Vernon ni dereva wa basi la shule, mji mzima unamkabidhi watoto wake, hajawahi kugonga hata paka, lakini bima ya gari letu ilikuwa juu kuliko ya walevi, kwa sababu kampuni huangalia mtu alivyolipa mikopo yake, na sifa ya Vernon ya kulipa iliharibika alipokuwa akimuuguza marehemu mke wake wa kwanza, Joanne, hospitali zikamwachia madeni ambayo aliyalipa yote ila kwa kuchelewa, na mimi niliyegonga sanduku la barua la jirani mara mbili na mlango wa gereji yetu wenyewe, sifa yangu ya mikopo ni safi kabisa, basi wakala akaniambia nifungue bima mpya kwa jina langu na Vernon nimwandike kama dereva wa pili. Nilipomweleza Vernon aliacha kula. "Kwa hiyo kosa langu ni kumuuguza Joanne?" akasema. "Waache wanitoze. Sijifichi nyuma ya jina la mtu."

Akaipigia kampuni simu, akalalamika sana, na wiki hiyohiyo mimi nikafungua bima kimyakimya, ya zamani nikaiacha iishe, na malipo yaliposhuka akadhani ni simu yake, akalia kwa furaha jikoni kwetu, nikashindwa kusema, na sasa kamati inajadili kupiga marufuku mtindo huu wa kupanga bima kwa kuangalia mikopo, naye amejiandikisha kuwaambia sheria haihitajiki, ukizungumza na kampuni vizuri wanakusikia. Nikimwambia nitamvunja moyo. Nifanye nini?

Dolores, Ohio

Dolores,

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Ulitaka kumpunguzia mzigo, ukampa aibu ambayo bado hajaijua. Siku ile ya furaha jikoni ndiyo ilikuwa siku ya kusema. Ulinyamaza kwa sababu ilikufaa, usisingizie moyo wake.

Kampuni zinadai hesabu zao zinaonyesha kwamba wenye sifa mbaya ya mikopo huleta hasara zaidi. Huenda ni kweli kwa watu laki moja. Vernon ni mtu mmoja, na hicho ndicho alichokuwa akiwaambia kwenye simu. Hawakumsikia. Ukimwacha aende kuwashukuru, wenye madeni ya hospitali kama yake watalipia kimya chako, na yeye ndiye atakayekuwa amewatetea waliomuumiza.

Mwambie leo, ukiwa umekaa, bila kulia kwanza. Usianze na wakala. Anza na "nilikudanganya". Atakasirika, huenda akalala sebuleni. Mwache, usimfuate na maelezo.

Akikataa kwenda Columbus, usimbembeleze. Nenda wewe. Jiandikishe kwa jina lako, simama mbele ya kamati, uwaambie ulivyogonga na mara ngapi, kisha uwaambie mumeo anaendesha nini kila asubuhi, amebeba watoto wa nani, na kati yenu wawili ni nani aliyetozwa zaidi. Wakikuuliza kwa nini, wajibu kwamba mkewe wa kwanza aliugua naye hakumwacha.

Halafu rudi nyumbani kwa mumeo.