Mwenya wa Chisenga: Mutu Moja ao Babili?

Siku ya Yenga, 4 Mei 2025
Ku site ya miti ya familia, banashanja jina ya nkambo wetu, mama wa ukoo, tena! Jana niliacha: Mwenya wa Chisenga. Leo kutoka misa nafungua telefone — Mwenya Mukuka. Mukuka ya wapi? Bantu ba miaka elfu moja mia tano habakuwa na jina ya familia. Kanuni ya site iko wazi: mutu wa zamani unamuandika sawa vile bantu ba wakati yake balimuita. Basi. Konte yenye ilishanja haina picha. Inaitwa Chisense, sawa kasamaki. Niliuliza Ambroise, kaka yangu wa Lubumbashi, juu shi babili tu njo tunajenga huu muti ya familia. Asema si yeye. Nikarudisha jina.

Kazi tatu, 7 Mei
Site inaleta ujumbe: kuko Mwenya mungine, mu muti ya bantu ba Kashikishi. Kisiwa moja, Chisenga, batoto majina moja. Inauliza kama ni mutu moja, tubaunge. Nikashuka chini ya ile muti, mama kwa binti, mama kwa binti, mupaka mwisho — Mwila! Mama ya Chama, ule anataka kuoa Jessy, binti yangu.
Kwetu ukoo inapita ku mama. Kama Mwenya ni moja, Jessy na Chama ni ndugu, na ndugu habaoane. Lakini Mwila siku zote asema bo ni bantu ba ukoo ya Mvula, shi bantu ba Udongo. Hajui? Ao anaficha?

Kazi ine, 8 Mei
Ambroise aliomba babaunge. Chisense alikatala: "Ushuhuda hakuna." Kanuni yetu hiyo: bila ushuhuda, hakuna kuunga! Ni Jessy njo nilimufundisha, mutu mungine hapana. Na siku hizi anaficha telefone, anakula kidogo, anakasirika bure. Nikamuuliza kama Chisense ni yeye. Asema, "Mama, mi niko na mambo mingine ya kuwaza." Mambo gani? Akatoka.

Posho, 10 Mei
Nimetoka Kashikishi. Mwila alikuwa anapindua chisense yake ku mikeka. Nikasalimia, nikakaa. Yeye njo alianza.
"Mama Jessy, ile konte ni yangu. Mukuka ni jina ya baba yangu. Nilitaka nkambo wako na wangu baonekane bantu babili."
"Mama Chama! Juu ya nini?"
"Uko na ushuhuda kama ni mutu moja?"
Niko na kinywa ya mama yangu tu, karatasi hapana. Nikamuambia.
"Na kinywa ya mama yangu ilisema Mvula." Akapindua samaki ingine. Alafu, polepole: "Bon, tukibaunga, mutoto wa Jessy tutamuandika wapi?"
Mutoto gani?
Aliniangalia. Akaona sikujua. Akanishika mukono, na mukono yake ilikuwa inanuka samaki, sikuitoa.
Chama amemuambia mama yake. Jessy hakuniambia mimi.

Siku ya Yenga, 11 Mei
Ni kweli. Jessy eko na mimba. Alilia, nikalia.
Lakini nashindwa kuacha kuwaza: mama ya Mwila alisema Mvula kweli — ao Mwila alianza kusema Mvula juzi tu?

Posho, 17 Mei
Naandika haraka, mu chumba. Bashibukombe, bajumbe ba Chama, beko inje, beko na sahani mbili zimefunikana. Nikipokea, uchumba umeingia. Mwila eko nabo, anacheka na banamuke ba jirani.
Asubui niliandika ku site: Mwenya wa Mvula. Mwenya wa Udongo. Ukoo ndani ya jina — kanuni inakataza! Nikaweka alama kama ni babili, basibaunge.
Sasa Ambroise anapiga simu. "Orpha, jina yako njo iko pale! Banaiba konte yako?"
Nikachungulia sahani inje; yeye akaendelea:
"Ni ule Mwila tu. Niliona zamani. Usipokee kitu kwake mupaka nijue ukweli. Umenisikia?"
"Pengine banaiba," nikasema.
Jessy eko ku mulango. Alisikia yote. Inje banaita, "Mama Jessy! Mama Jessy!" Na Ambroise angali ku simu, anauliza nibadilishe neno ya siri leo leo, ao yeye anisaidie. Nakata simu, natoka kupokea sahani.