Mkutano wa Melini Umefanyika Ofisini

Biharamulo, Jumanne, Novemba 1978

Na sasa meli hakuna. Karani wa bandari ya Nyamirembe amepiga simu asubuhi hapa ofisi ya wilaya: jeshi limeichukua, kesho inaleta watu waliokimbia vita huko Kyaka.

Tangu kiangazi nilikuwa napanga mkutano wa wenyeviti wa vijiji ufanyike ndani ya meli, tukielekea Mwanza, kwa sababu majini hakuna anayetoroka kwenda shambani. Nilikasirika, kisha nikaona aibu kukasirika.

Mchana akaingia Mzee Bitegeko, mwenyekiti kutoka Nyarubungo, amevaa koti la safari.

"Shikamoo, mzee. Safari imevunjika," nikamwambia, nikamweleza sababu.

"Marahaba. Hao watu watalala wapi?"

"Kwenye ghala la pamba, hapo bandarini."

"Ghalani, na watoto?" Akavuta kiti. "Wenzangu wako sokoni, wanakusubiri wewe na meli yako. Waite. Tugawane wageni kijiji kwa kijiji."

Nikawaita. Sijawahi kuona mkutano mfupi namna ile. Hakuna aliyebisha, hata wale wanaobishana kuhusu kila kitu. Kesho lori la ushirika litakwenda bandarini kuwachukua wageni, nami nitakuwemo.

Dada yangu Adela ameolewa Kyaka. Asubuhi kwenye simu nilimuuliza karani kama yumo melini. Akasema majina bado hawajayajua.

Wenyeviti sikuwaambia. Kesho nitasimama gatini nimwangalie kila mwanamke anayeshuka.