Mkaazi wa Miaka Mitatu

Lewisham, London
12 Februari 2025

Kaka'ngu Muhiddin,

Assalaam alaykum. Hamjambo wewe, wifi yangu na watoto? Mimi mzima, ila baridi ya huku nilishaisahau, inanitafuna kama mgeni.

Munir nimemkuta hospitali. Kanijua, kanishika mkono, halafu kaniuliza iko wapi halua yake. Mume wangu huyo! Madaktari wanasema ni mapafu, na wakisema wanatazama chini. Mwanangu Malak ananitafsiria nusu, nusu nyingine anaimeza.

Sasa nisikilize. Wewe ndiye sheha wetu, wewe ndiye unayesema nani mkaazi na nani si mkaazi. Nimekaa nyumba ya mama huko Pemba miaka mitatu mfululizo, kama sheria ya kura inavyotaka. Hata harusi ya mwanangu Mahir niliiona kwenye simu. Munir na watoto walichukua pasi za Uingereza, mimi nikakataa miaka yote ile, kwa sababu nataka kupiga kura kwetu kabla sijafa. Huku kura wananipa bila ya maswali, kwa kuwa sisi ni Jumuiya ya Madola, lakini mimi naitaka ya kwetu. Wakija waandikishaji, waambie nimekuja kuuguza tu. Sijahama.

Dada yako,
Time

Pemba
20 Februari 2025

Dada Time,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, isipokuwa wifi yako na magoti yake. Munir tunamwombea kila sala.

Usiwe na wasiwasi. Kuuguza mume si kuhama, hilo hata mtoto analijua. Uandikishaji ni mwisho wa Aprili, wiki moja tu, na lazima uje mwenyewe, maana wanachukua alama za vidole. Wewe fika, mimi nitasimama nawe.

Nduguyo,
Muhiddin

Rayners Lane, London
9 Aprili 2025

Kaka'ngu,

Assalaam alaykum. Natumai nyote wazima. Pole zenu zimefika, Mungu awalipe.

Munir tumemzika juzi. Kaburi lilichimbwa kwa mashine, na mvua haikukatika mpaka tulipomaliza. Niko kwa Malak, nimekaa eda. Nimepewa chumba cha mjukuu wangu. Namwita aje akae na bibi yake, ananijibu mlangoni, "I'm fine, Bibi," anakwenda zake. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Eda itakwisha Agosti, na uandikishaji ndio huo unakuja. Tiketi ya kurudi ninayo. Wanawake wa hapa wengine wanasema dharura inaruhusu, wengine wanasema nikisafiri nitakuwa nimemvunjia Munir heshima yake. Tangu baba afariki, mwanamume mkubwa kwetu ni wewe. Niambie la kufanya. Ukisema nije, nitakuja, na wanaotaka kunisema waniseme.

Dada yako,
Time

Pemba
11 Aprili 2025

Dada Time,

Waalaykum salaam. Huku salama, ila nyumba zetu zote zina msiba.

Kaa eda. Munir alikuwa mume mwema na hii ni haki yake. Mambo ya dunia yanasubiri. Jina lako niachie mimi, nitazungumza na wakubwa, huenda wakakufikiria Agosti.

Nduguyo,
Muhiddin

Rayners Lane, London
3 Mei 2025

Muhiddin,

Sikuulizi hali, nimeshaambiwa mzima.

Binti yako Zahra kanipigia analia. Kasema majina ya waliohama uliyapeleka wilayani mwezi wa tatu, Munir bado anapumua, na langu lilikuwemo. Ukasema mke mahali pake ni alipo mumewe. Kasema pia kuna waliokutisha, kwamba ukimtetea dada yako usheha utakutoka.

Labda. Ungeniambia basi! Ningekutukana, ungenuna, mwisho tungepatana. Lakini mimi nilikuuliza jambo la dini, ujane wenyewe bado mbichi, nawe ukanijibu kama sheha. Ulijua nikija nitasimama mbele ya watu nikuulize jina langu liko wapi. Ndiyo ukaniambia nikae.

Eda nitaimaliza kwa ajili ya Munir, si kwa neno lako. Ufunguo wa nyumba ya mama mpe Zahra. Na watu wakikuuliza nitarudi lini, waambie ulivyoandika.

Time binti Hafidh