Picha Zilizoko kwa Machibya

Mabatini, Mwanza
12 Juni 2024

Kwa Dada Prudencia,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na kwamba mvua za huko Bukoba zimepungua. Sisi huku ni wazima, ila moyo wangu si mzima, ndiyo maana nimempa jirani yangu Odeta barua hii akuletee, badala ya kukupigia. Kwenye simu ningedanganya tena.

Umesema unakuja Jumamosi na akina mama wawili wa jumuiya, kuona picha zangu zilizoko nyumbani kwa Machibya. Dada, usije.

Uliuza kibanja cha baba, migomba na makaburi ya wazee yakiwa humo, ili nikajifunze kuchora. Ukoo ukakususa. Ukawajibu kwamba siku moja ziwa letu litatundikwa kwenye nyumba za wakubwa. Miaka thelathini nimelichora: mawe ya Mwanza, kivuko kikiingia Kamanga, mitumbwi ikirudi na mvua mgongoni. Kitambaa cha kuchorea sikukimudu, nikawa nanunua kwa wavuvi matanga makuukuu ya mitumbwi, nayapaka rangi ya mafuta tabaka tatu ndipo nachora. Wenye hoteli walitaka simba na twiga. Ziwa, walisema, wageni wanaliona dirishani bure.

Machibya peke yake ndiye aliyenunua bila kubisha. Nikakuandikia kwamba nimepata tajiri anayejua sanaa. Halafu siku moja nikaenda kwake bila taarifa. Ni mfanyabiashara wa dagaa. Picha zangu zilikuwa uani, zimelazwa kifudifudi juu ya magunia, zimefungwa kamba, zinakinga mvua. Alinikaribisha vizuri kabisa, akanisifu kwamba turubai za dukani zinachanika mapema, zangu hazivuji. Nikanywa soda yake, nikaondoka.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Tangu hapo nimemchorea nyingine kumi na moja, nikijua zinakokwenda, na kila mara nikikuambia zimetundikwa sebuleni. Mwezi uliopita aliniomba niache kuchora, niyapake matanga rangi tu, maana michoro inamchelewesha. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikakubali, na nimeshampelekea manne.

Nisalimie Kokulinda na wote wanaoniulizia. Wale akina mama waambie utakavyoona inafaa.

Ni mimi mdogo wako,
Nestory