Upepo wa Sumbawanga Puani mwa Deo

Jumapili, Julai. Jua lipo lakini halina kazi. Upepo unapuliza tangu asubuhi, midomo imenichanika, na nimevaa sweta la mume wangu juu ya kitenge.

Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Mkono mwingine umemshika Deo, na Deo amelala.

Amelala kweli. Jana sikuwa na hakika kama ningeyaandika haya.

Alianza na kikohozi. Jana asubuhi akagoma kunyonya, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Baba yake yupo Milepa kwenye mpunga, simu haipatikani. Nikampakata, nikapanda bodaboda kutoka Mollo mpaka hospitali. Nesi akambana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu, akakiangalia, akamchukua mikononi mwangu. Nimonia. Akasema mtoto anahitaji oksijeni sasa hivi.

Nikamrudisha mtoto kifuani kwangu.

Kwetu, tangu kipindi cha corona, oksijeni ni neno la msiba. Baba mkwe wangu aliwekewa mtungi hospitali nyingine, siku ile ile akafariki. Na si yeye peke yake. Mtaani watu walishakubaliana kwamba ukiona mgonjwa wako amewekwa mpira wa puani, anza kuwapigia simu ndugu.

Nesi aliona nilivyomng'ang'ania mtoto. Hakunifokea. Aliuchukua ule mpira mwembamba, akanielekezea shavuni. "Unasikia?" Nilisikia kaupepo kadogo ka baridi, basi. Akanionyesha dirishani kibanda cha bati kinachonguruma. Kumbe mtungi haupo. Hiyo mashine ililetwa baada ya corona, inavuta hewa ya hapa hapa nje, inaichuja, inaipeleka kwa bomba ukutani mpaka kwenye vitanda.

Hewa ya hapa hapa. Upepo huu tunaoulaani tangu utotoni, unaotuezulia bati na kutupasua visigino, ndio unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ukiwa dawa ya mwanangu.

Nikasema, mwekee.

Kazi ilikuwa leo. Mama mkwe alifika na chupa ya uji na mbeleko. Shikamoo yangu aliiitikia huku anaangalia pua ya Deo.

"Mtoe huo mpira, twende nyumbani. Nimeshazika mmoja."

"Mama, hatoki."

Sijawahi kumjibu hivyo tangu niolewe. Wala sikupandisha sauti. Nikamwambia baba hakuuawa na oksijeni. Mtungi wake ulimwishia, na gari lililokuwa linaleta mingine lilikuwa bado njiani kutoka Mbeya. Aliyajua hayo yote, alikuwepo.

Kisha akakaa kwenye stuli, macho kwenye kachupa ka maji pale ukutani, ambamo hewa inapita ikitoa mapovu kabla ya kwenda puani. Nikaelewa anachofanya. Alikuwa anasubiri hewa iishe.

Mama Kulwa, Msukuma wa Mtowisa anayeuguza binti yake kitanda cha pili, akashindwa kuvumilia. "Bibi, nyie Wafipa si ndio mnaotuma radi? Leo kaupepo mnakaogopa?"

Mama mkwe hakugeuza hata shingo. "Radi tunawatumia wenye ng'ombe wengi. Wewe unao wangapi?"

Wodi nzima ikacheka, Mama Kulwa kuliko wote.

Mchana umeme ukakatika. Mapovu yakasimama. Mama mkwe akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Nje tukasikia mtu anakimbia, jenereta likakohoa, likakohoa tena, likashika. Mapovu yakarudi. Hakuuachia mkono wangu.

Alasiri Deo akageuza kichwa, akatafuta ziwa. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikaumia, na niliyapenda yale maumivu.

Mama mkwe akamwita nesi. "Mwanangu, hii kitu haiishi?"

"Haiishi, bibi. Labda upepo uishe Sumbawanga."

Akalipima jibu hilo kama anayepimiwa maharage sokoni. Halafu akaikunjua ile mbeleko aliyokuja nayo ya kumbebea Deo nyumbani, akamfunika nayo miguu.

Mimi niliishia darasa la saba. Mambo ya sera nayasikia redioni nikiosha vyombo, nikawa nadhani ni maneno ya watu wa vikao tu. Kumbe kuna watu walikaa mahali, ugonjwa umeshapita, wenye kusahau tumeshasahau, wao wakapanga kujenga kitu cha kusubiri wagonjwa ambao hawajaugua. Deo alikuwa hata hajazaliwa. Tangu jana nalifikiria hilo na bado limenijaa kifuani.

Lakini lile jenereta. Nimemuuliza nesi mafuta yake yanatoka wapi, akacheka kwa uchovu. "Ulizeni huko kwenye mikutano yenu." Kwenye mikutano ya mtaa mimi hukaa nyuma, nanyonyesha. Ukiitishwa mwingine nitakaa mbele, nitanyonyesha hapo hapo mbele, na nitauliza. Mwenyekiti akiona aibu aangalie pembeni, ila ajibu.

Jioni inaingia. Upepo umezidi, bati linagonga. Mama mkwe amesinzia kwenye stuli, na ile chupa ya mapovu ameipa mgongo.